Mashine ya mwanga ya IPL ya kutolea nywele nyumbani: imemfaa mdogo wangu, mimi imenichoma. Wenye ngozi zetu za pwani someni kabla hamjanunua

BintiLangoni (mwenye uzi)

Assalam aleikum nyote. Mimi ni wa Lamu, Langoni, kazi yangu ni hina na kusinga maharusi, mwaka wa kumi na moja sasa. Nafungua huu uzi manake wiki hii pekee wasichana watatu wamenijia na simu mkononi wananionyesha tangazo la kile kimashine cha mwanga cha kutolea nywele, kila mmoja ananiuliza dada hii ni kweli ama ni uongo, na mimi siwezi kumjibu mtu kwa neno moja kwa sababu nyumbani kwetu hio mashine imefanya yote mawili.

Iko hivi. Mwaka jana baada ya Maulidi mdogo wangu aliagiza moja onlaini, ikaja na basi mpaka Mokowe, tukavuka kwenda kuipokea. Mdogo wangu ni mweupe, kamtoa nyanya yetu mzaa baba, na nywele zake za mwili ni nyeusi tii na nene, tangu kuvunja ungo anateseka nazo. Mimi nimetoka upande wa mama, maji ya kunde iliyokolea, ukinitazama jioni utaniita mweusi. Baba mmoja mama mmoja, na tuliitumia siku moja, tumekaa kitanda kimoja.

Yeye alinyoa kwa wembe, akaweka, akabonyeza, akasema ni kama kuchapwa na raba, kamoto kadogo basi. Ikafika zamu yangu. Kile kijitabu kilichokuja nayo kina viraka sita vya rangi ya ngozi, kutoka weupe kabisa mpaka weusi kabisa, na kile cha mwisho kimepigwa alama ya msalaba, kile cha tano kimeandikwa namba ya chini tu ya nguvu. Nikaona hapa pana jambo, nikampigia aliyetuuzia. Akaniambia dada hio waliandika kwa ajili ya wazungu, mashine inafaa ngozi zote, tena ngozi nyeusi ni ngumu weka namba ya juu ndio ishike. Nikamsikiliza. Nikapiga flashi nne kwenye muundi namba ya juu. Ile ya kwanza tu nilisikia harufu, ile ya kuku akibabuliwa manyoya jikoni, na bado nikaendelea kwa kudhani ndio dawa inafanya kazi.

Asubuhi naamka nina mistatili minne kwenye muundi, imejipanga sawasawa kama vigae, kila mmoja umelingana na kile kioo cha mashine mpaka pembe zake. Mchana ikafanya malengelenge. Yakapasuka, yakakauka, yakaacha ukingo mweusi na katikati peupe. Miezi mingi nimetembea na soksi ndani ya nyumba yangu mwenyewe ili wateja wasione, manake nani atampa mwanawe kwa msingaji mwenye mguu ule.

Sasa kwa nini yeye imemfaa na mimi imenichoma? Nilipokwenda kwa daktari wa ngozi Mombasa ndipo nilipofahamishwa, na baadaye nikasoma mwenyewe usiku hadi usiku. Mwanga wa ile mashine unatafuta weusi. Ukikuta weusi unageuka moto. Weusi wa nywele na weusi wa ngozi ni kitu kimoja, melanini, na mwanga hauna macho ya kuvitofautisha. Anikeni buibui jeusi na kanzu nyeupe juani pale uwanja wa Mkunguni saa saba mchana, halafu mkaziguse zote mbili baada ya robo saa, mtajua naongea nini. Kwa mdogo wangu mwanga ulipita kwenye ngozi nyeupe ukaenda kunasa kwenye unywele mweusi, ukapika shina lake. Kwangu haukufika huko, ulinaswa juu juu kwenye ngozi, ukapika ngozi.

Huo ndio msingi wa kazi yote hii, wameuandika watafiti kina Anderson na Parrish wa Marekani mwaka 1983, kwamba ukichagua mwanga unaopendwa na kitu fulani unaweza kukichoma hicho ukaacha jirani yake. Lakini sharti jirani awe hafanani nacho. Ndugu zangu hizi mashine zilianza kwa kutazama nywele nyeusi kwenye ngozi nyeupe, na sisi huku pwani nyumba moja ina rangi zote. Msiulizane tu "imekufaa?" Mkiuliza mtazame na mkono wa anayejibu.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Mwana_Shela

Wallahi pole sana dadangu, hio habari ya vigae imenisisimua mwili. Kwa hivyo hizi mashine ni utapeli? Manake mimi nilishaanza kuchanga pesa.

BintiLangoni

Ahsante shoga. Hapana sio utapeli, kwa mwenye ngozi yake. Nikueleze mdogo wangu alivyofanya manake nilikaa naye mwanzo mpaka mwisho.

Alikuwa ananyoa usiku, kwa wembe, sio kung'oa. Hii ya kunyoa ni muhimu na watu wengi wanaikosea. Mwanga unapita ndani ya unywele mpaka shinani, sasa ukiwa umeng'oa kwa nta au uzi au ile mashine ya kuvuta, shina halina kitu, mwanga utanasa wapi? Na usipong'oa wala kunyoa pia ni kosa, ule unywele ulio nje unaungua juu ya ngozi. Kwa hivyo unanyoa, unakausha, hakuna mafuta wala manukato wala diodoranti, ndio unapiga.

Alipiga kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni hakuna alichokiona, wiki ya tatu ya nne hivi nywele za kwapa zikaanza kuchomoka zenyewe anapojisugua bafuni. Kwenye miguu ilichelewa zaidi. Sababu ni kwamba nywele hazikui zote wakati mmoja, kila unywele una majira yake, unakua, unapumzika, unaanguka, na mwanga unashika ule ulio katika kukua peke yake. Iliolala leo utaikuta mwezi ujao. Ndio maana anayekwambia mara moja tu umemaliza ni muongo.

Alipofika miezi mitatu kwapa zilikuwa zimebaki chache tena laini, miguu ilikuwa viraka viraka lakini tofauti ya wazi. Halafu ikaingia Ramadhani akaacha, Idi ikapita, akasahau, na zikaanza kurudi, sio zote, ila zinarudi. Sasa anapiga mara moja kwa mwezi au miwili ya kushikilia. FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya tiba, haiwaruhusu wenye mashine za mwanga kusema zinaondoa nywele milele, wanasema kupunguza kwa kudumu, yaani zinabaki chache kuliko mwanzo kwa muda mrefu. Na zile kubwa za kliniki ndizo zenye nguvu. Ya nyumbani nguvu yake ni ndogo makusudi kwa usalama, wanahesabu kwa juli, kipimo cha nishati, kwa kila sentimita mraba, ya nyumbani utakuta 3 mpaka 6 hivi, ya kliniki inaanzia kama 10 inaweza kufika hata 40.

Na mwenye nywele za dhahabu, nyekundu, au mvi asihangaike kabisa, hazina weusi wa kushika mwanga. Mamangu alijaribu kwenye mvi za kidevu, hakuna hata moja iliyotikisika.

nesi_wa_Malindi

Salaam. Mimi ni nesi, niko Malindi, na namshukuru dada BintiLangoni kwa kusema wazi manake wengi wakiungua wanaficha, wanakuja kwetu wiki ya pili kidonda kishaingia uchafu.

Kwanza ukiungua. Maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, mara moja, usingoje kuona kama patavimba. Sio barafu, sio dawa ya meno, sio yai, sio unga wa ngano, hivi vyote nimevitoa kwenye vidonda vya watu kwa mkono wangu. Lengelenge usilipasue. Pakikauka paka vaselini tupu, funika, na ukiona usaha, homa, au wekundu unasambaa nenda hospitali siku hio hio. Ule weusi unaobaki baadaye ngozi zetu zinauleta kwa jeraha lolote, hata kuumwa na mbu, unapungua kwa miezi lakini jua likiupiga unakaa zaidi, kwa hivyo funika au paka sanskrini. Usikimbilie mkorogo. Narudia mkorogo hapana. Krimu nyingi za vile zina steroidi, zinakondesha ngozi, na mtu mwenye ngozi iliyokondeshwa akijipiga mwanga ndio anaumia vibaya zaidi.

Pili kuna watu ambao hii mashine wasiiguse hata kama ni weupe. Mjamzito, kwa sababu haijapimwa kwa wajawazito. Anayemeza doksisaiklini, tunawapa watu wa chunusi na hata wanaojikinga malaria, inaifanya ngozi iwe nyepesi kuungua na mwanga. Anayetumia isotretinoini ya chunusi. Mwenye lupasi, maradhi ya kinga ya mwili. Mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumetameta. Na hakuna kupiga juu ya tatuu, waa jeusi, baka la kuzaliwa, wala kidutu cheusi chochote. Mwanga unaona weusi, hauulizi huo weusi ni wa nini. Ukiwa na kidutu kinachobadilika umbo au rangi, hicho ni cha kuonyesha daktari.

Tatu macho. Usipige kwenye nyusi wala kope wala karibu ya jicho. Ndani ya jicho mna weusi wake na ukiharibika haurudi. Mtoto asikae mbele yako akitazama.

Halafu jua. Watu wa huku mnatembea ufukweni, mnakwenda shamba, ngozi ya mkono wako ya Januari sio ya Julai. Mashine iliyokufaa wakati wa kusi wakati wa kaskazi inaweza kukuchoma. Kaeni mbali na jua wiki mbili kabla, na baada pia.

Ukhti_Faza

Assalam aleikum, nataka kuuliza jambo na naomba msinicheke. Mimi nywele zangu ni za kidevu na chini ya shingo. Nina miaka 26, siku zangu zinakuja zinapotaka, miezi mitatu hakuna halafu zinakuja kwa wiki mbili. Nanyoa kila asubuhi kabla ya swala ya alfajiri ili mume asinikute. Nimeona tangazo la hii mashine inasema uso pia. Ngozi yangu ni ya kati, sio mweupe sana.

nesi_wa_Malindi

Mwanangu hakuna wa kukucheka hapa, na mko wengi sana, mimi nawaona kila mwezi.

Nywele za kidevu pamoja na hedhi inayopotea, hilo kwanza ni la daktari kabla ya mashine yoyote. Kuna hali inaitwa PCOS, ni ya homoni na ovari, inaleta nywele za kiume, chunusi, hedhi ya kupotea, wakati mwingine kuchelewa kubeba mimba na sukari kupanda. Daktari atakupima damu, pengine na piksha ya tumbo. Zipo dawa. Ukichoma nywele hujatibu homoni utakuwa unafagia huku upepo unapuliza, kila mwezi zinaota nyingine.

Na kuna la pili ambalo tangazo halitakwambia. Mwanga ukiwa hafifu unaweza kuamsha nywele badala ya kuziua, penye malaika, vile vinyweleo laini, pakaota nywele nene. Madaktari wanalijua hili, na linatokea zaidi usoni na shingoni, kwa wanawake wenye shida ya homoni, na kwa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati, Bahari ya Kati na Bara Hindi. Sasa wewe hesabu mwenyewe watu wangapi wa visiwani wana damu hio. Kwa hivyo kidevu na shingo kwa mashine ya nyumbani, mimi nakwambia kama ningekuwa mamako, acha kwanza.

Kunyoa endelea bila wasiwasi, kunyoa hakuzidishi nywele wala hakuzifanyi nene, ni ile ncha butu tu unaihisi. Na mume mwambie mwanangu. Ni maradhi kama maradhi mengine.

Ukhti_Faza

Jazakallah kheir mama. Nimelia kidogo. Nitavuka wiki hii.

Kijana_Barani

Samahani dada zetu naingilia, mimi ni mwanaume niko Malindi. Nina vipele vya ndevu shingoni, nikinyoa tu vinavimba vinatoa usaha, ngozi imekuwa kama ya papai bovu. Mtu wa saluni aliniambia ninunue hio mashine nizimalize. Ngozi yangu nyeusi kabisa.

BintiLangoni

Kakangu karibu, ila hio usinunue. Nyeusi kabisa ndio kile kiraka cha mwisho chenye msalaba. Na hata kwa weupe, vijitabu vyenyewe vinakataza kupiga ndevu za mwanaume, ni nene na zimesongamana, joto linakuwa kali mno.

Daktari wangu alinieleza wewe na mimi cha kwetu ni leza, na sio leza yoyote. IPL watu wanaiita leza lakini sio. IPL ni taa inayotoa mwanga wa namna nyingi kwa mkupuo, kuanzia kama nanomita 500 hadi 1200 za urefu wa wimbi, leza inatoa namna moja tu. Ile ya aleksandraiti ni 755, ya dayodi ni 810 hivi, na kuna ya Nd:YAG, 1064. Hio ya 1064 weusi wa juu ya ngozi hauinasi sana, inapita inakwenda ndani kwenye shina, ndio wanayoichagua kwa ngozi nyeusi. Iko kwa madaktari wa ngozi kwenye miji mikubwa, sio ya nyumbani, na hata hio ukikutana na asiyejua atakuchoma. Ukienda uliza mashine gani, urefu gani wa mwanga, na mkono uliofanya kazi hio kwa watu weusi ni wa nani. Akishindwa kukujibu ondoka.

nesi_wa_Malindi

Na kwa sasa kijana wangu usinyoe mpaka ngozini. Vile vipele ni ndevu zilizojikunja zikarudi ndani, nywele zetu zina mviringo, ukizikata chini ya ngozi zinapinda zinachoma kutoka ndani. Tumia mashine ya kinyozi uache urefu kidogo, milimita moja hivi, na mwambie kinyozi asafishe vifaa. Penye usaha njoo hospitali.

MamaWawili_Watamu

Mimi nitasema tofauti kidogo. Mimi ni mweusi, nimetumia hizi mashine karibu nusu mwaka, sijaungua hata siku moja. Nadhani watu wanatishwa bure.

BintiLangoni

Alhamdulillah kama hujaungua mama, na nafurahi kweli. Naomba nikuulize mambo mawili kwa heshima. Unatumia namba gani, na nywele zimepungua?

MamaWawili_Watamu

Namba ya kwanza, ya chini kabisa. Kupungua... nikisema ukweli miguu sioni tofauti. Kwapa labda kidogo. Nilidhani inahitaji muda zaidi.

BintiLangoni

Ndio hapo. Kwa ngozi zetu nguvu isiyochoma ndio hio hio isiyofika kwenye shina, na inayofika kwenye shina inachoma njiani. Nusu mwaka mama, kila wiki mbili, umekaa na kile kitu mkononi saa nzima. Mimi hilo linaniuma sawa na mistatili yangu, pesa ya watu na saa zao zinakwenda na muuzaji kila siku anasema ongeza muda.

BiMkubwa_Mkomani

Mwanangu BintiLangoni nimesomewa na mjukuu haya yote. Pole kwa mguu.

Sisi mui wetu tangu zamani ni sukari na ndimu. Vikombe viwili vya sukari, ndimu moja kubwa uikamue, mai kidogo ya kurowesha tu, moto mdogo. Usiwate jikoni ukenda kupiga soga. Itatokota, itakuwa rangi ya asali, utatonesha tone kwenye kibakuli cha mai baridi, likishikana likawa laini kama udongo wa mtungi ndio liko tayari, likiwa gumu la kulia kama peremende umelipitisha. Limwaye kwenye sahani yenye mai, lipoe, ulivute vute mpaka lifanye weupe kama lulu. Halafu ndio unabandika na kubandua. Halina moto wala umeme wala macho kuumia. Mimi nimewatoa nywele maharusi wa nyumba hii na ile, weupe kwa weusi, na sijaona wa kutoka mistatili.

BintiLangoni

Shikamoo bi mkubwa. Wallahi mkono wako unajulikana mpaka Matondoni. Kwa ngozi nyeusi mimi mwenyewe sasa nimerudi huko, kwa miguu na mikono. Naongeza tu kwa wasomaji mambo mawili, lipoe kweli kweli kabla hujaliweka manake sukari ya moto inaunguza kuliko maji, na mwenye kuota nywele za ndani kwapani au sehemu za siri ataziona na kwa sukari pia, sio wembe pekee.

Na usichanganye. Ukichagua sukari ukae na sukari, ukichagua mwanga unyoe. Wengi wanafanya huku na huku, leo wamevuta na ndimu kesho wanapiga mwanga penye shina tupu, halafu wanasema mashine mbovu.

Bi_Harusi_Mtarajiwa

Dada BintiLangoni naolewa mwezi wa kumi na mbili inshallah. Mimi ni mweupe nywele nyeusi, nimeshaipima na ile chati niko kiraka cha tatu. Nitakuwa na hina mpaka magotini na piko juu yake. Nipangie basi, niipige lini na hina lini?

BintiLangoni

Mashallah Mungu akutimizie. Umeuliza swali ambalo kijitabu hakina, na ndilo linalonitisha kuliko yote katika kazi yangu.

Kamwe, kamwe usipige mwanga juu ya hina wala piko. Hina imeipa ngozi rangi ya kahawia, piko ni nyeusi ti, mwanga utaona hapo pamejaa weusi na utashuka wote juu ya ua lako. Utabaki na ua la kovu. Na sio siku ile tu, hata ile hina iliofifia ikawa rangi ya chungwa bado ni rangi. Ngoja mpaka ngozi imejibandua yote, mimi nasema wiki tatu kamili na utazame kwa mwanga wa dirishani sio wa taa, hasa kwenye vidole na nyayo inakawia.

Sasa mpango. Anza leo, una miezi mitano. Kabla ya yote chagua pahali padogo, chini ya goti kwa ndani, piga flashi moja ya namba ya chini. Ngoja siku nzima, mbili ni bora. Hakuna wekundu uliobaki, hakuna kuvimba, panda namba moja pengine pembeni, ngoja tena. Usiruke namba. Ukiona raha endelea kila wiki mbili. Katikati hapo kuna harusi za watu na utatamani hina, jizuie, au paka kiganja tu na usipige mwanga mikono.

Mara ya mwisho ya mwanga iwe wiki mbili kabla ya siku ya hina, sio chini ya hapo. Ile siku unayopiga mwanga na kesho yake hakuna singo, hakuna liwa, hakuna kufukizwa udi, hakuna maji ya moto, hakuna manukato, ngozi imekuwa na joto ndani hata kama huioni. Watu wanaona ngozi haijabadilika wanaisugua, jioni wanakuja na vipele mwili mzima. Siku mbili tatu kabla ya hina nyoa tu zilizobaki. Na piko jaribu nalo nyuma ya sikio mapema, kuna wanaovimba nalo vibaya sana, lile limetoka kwenye rangi ya nywele ya dukani, sio jani.

Somo wako, anayekufunda, ni nani? Mpe asome hapa.

Bi_Harusi_Mtarajiwa

Somo wangu ni shangazi, atasoma leo usiku. Ahsante dada umenifungua macho, mimi nilikuwa nimepanga nipige jioni ya kuamkia hina ili miguu iwe laini.

Mwana_Shela

Haya mimi nimejitazama, mkono wangu wa ndani na kiraka cha nne vinalingana, nje umekolea kwa jua. Kama nikinunua nitazame nini?

BintiLangoni

Nunua yenye sensa ya rangi ya ngozi, ile inayopima yenyewe na kukataa ikikuta ngozi imezidi. Yetu ilikuwa na sensa ya kugusa tu, yaani inajua imewekwa juu ya ngozi, haijui ngozi gani. Ikikukataa usiizunguke, imekuokoa. Tazama kama imeandikwa kiwango IEC 60335-2-113, hicho ndicho cha vifaa vya urembo vya leza na mwanga mkali, ingawa maandishi mtu anaweza kuyabandika, kwa hivyo nunua kwa mtu unayeweza kumrudia mlangoni kwake. Ikiandikwa leza na IPL kwa pamoja kwenye boksi moja mwenye kuandika hajui anachouza. Flashi laki tisa na ushee sio sifa, taa ikichoka haichomi nywele hata ikibaki na flashi laki tano. Na upimie mahali utakapopiga, sio mkono wa ndani. Kwako ningesema kwapa na mapaja sawa kwa namba ya chini, mikono ya nje subiri jua liishe.

BintiLangoni

Narudi baada ya wiki sita manake wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza mguu.

Mstatili wa chini umepotea karibu wote. Wa pili na wa tatu ukingo umefifia umekuwa kama kivuli. Ule wa kwanza, uliotoa harufu, katikati bado peupe na daktari amesema rangi inaweza isirudi pale. Nimeshaacha soksi. Mteja akiniuliza namwekea mguu juu ya mkeka namwonyesha, kisha namshika mkono wake namweka kando ya chati. Wiki iliopita mama mmoja wa Pate alikuja na binti zake wawili, mmoja kiraka cha pili mmoja cha tano, na mashine mpya kwenye boksi haijafunguliwa. Mkubwa tumemwanzia namba ya chini, flashi moja ya kujaribu. Mdogo nilimpikia sukari.

Ukhti_Faza

Dada mimi pia nimerudi. Nilivuka, nikapimwa, ni ile PCOS aliyosema mama nesi. Nimeanza dawa, huu ndio mwezi wangu wa kwanza. Mume wangu ndiye aliyenisindikiza boti.

nesi_wa_Malindi

Alhamdulillah mwanangu. Dawa usizikatize, nywele zinachelewa kuitika, zipe miezi sita. Na sukari ya damu wamekupima? Kama hawajapima uliza ukirudi.

Ukhti_Faza

Bado mama. Nina tarehe ya Jumatatu, nitauliza.